Baba, Mke Wangu na Fumbo la Maneno

Baba yangu alipokuja kukaa kwetu Kisangani, alishuka kwenye baleinière, ile mashua kubwa ya mbao ya abiria, akiwa na mfuko mmoja wa nguo na katoni iliyofungwa kamba ya nailoni. Nilifikiri katoni ina samaki wakavu wa Yanonge. Niliibeba mwenyewe mpaka kwenye pikipiki, na njia nzima nikawa najiuliza kwa nini hainuki. Tulipofika nyumbani, upande wa Simi-Simi, aliifungua taratibu, akatoa magazeti ya zamani ya Kifaransa na kuyapanga chini ya kitanda. Yote yalikuwa na kurasa za mots croisés: miraba midogo, myeupe na myeusi, ambayo mtu anaijaza herufi kwa kufuata maelezo yaliyoandikwa kando.

Nilizijua kurasa zile tangu utotoni. Baba alifanya kazi miaka mingi bandarini Isangi, akipokea mizigo ya meli, na sehemu kubwa ya kazi ile ilikuwa kungoja. Meli iliyotarajiwa asubuhi iliweza kufika keshokutwa. Abiria waliacha magazeti yao, yeye akayaokota na kujifundisha. Jioni aliendelea nyumbani, mezani, mbele ya taa ya mafuta. Mimi nilisimama kando ya kiti chake nikitazama kalamu yake ikisita hewani kabla ya kushuka kwenye karatasi. Hakuniambia hata siku moja nivute kiti. Akimaliza alifunga gazeti, akaniachia meza, akaenda kulala. Nilikua nikijua kwamba baba ana starehe moja ambayo mimi simo. Nikawa mtu wa hesabu. Leo nafundisha hesabu katika shule ya sekondari, na mara nyingine nadhani ndiyo sababu.

Mke wangu ni wa Bukavu. Alisomea ualimu wa Kifaransa, nafasi ya kazi haikupatikana, akaweka cherehani barazani kwetu na kuanza kushonea watu. Baba alipofika tulikuwa na mtoto mmoja, msichana aliyekuwa bado anatambaa.

Kwetu sisi watu wa mto, baba na mke wa mwanawe ni bokilo, na bokilo wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawali pamoja, hawatazamani machoni, na yako maneno, hasa ya mwili, ambayo mmoja hayatamki mbele ya mwenzake. Baba aliishika desturi hiyo bila kulegeza. Akitaka chumvi, aliniambia mimi nimwulize mama ya mtoto kama chumvi iko. Mke wangu, aliyekuwa amesimama palepale mlangoni, alinijibu mimi kwamba iko. Nami nikamgeukia baba nikamwambia iko. Rafiki zangu wa shuleni walicheka nilipowasimulia. Lakini mimi nilipenda. Kila neno la nyumba yangu lilipita mikononi mwangu kwanza, na baba, kwa mara ya kwanza maishani, alikuwa ananihitaji kila saa.

Hali hiyo iliisha siku moja ya mvua, nami sikuwapo. Mke wangu ndiye aliyenisimulia. Baba alikuwa amekaa ndani, karibu na mlango. Mke wangu alikuwa barazani na cherehani yake, upande wa pili wa ukuta. Mtoto alikuwa anatambaa kizingitini. Baba ana tabia ya kusoma kwa sauti maelezo yanayomshinda, na asubuhi ile alikuwa anarudia yaleyale: ana kitanda lakini halali, herufi sita. Kwa Kifaransa neno "lit" ni kitanda cha kulalia, na ndilo hilohilo wanaloliita bonde ambamo mto unapita. Mke wangu alilisikia jibu kichwani tangu mara ya kwanza. Alivumilia, akashona mkono wa blauzi, akashona wa pili. Mwisho akainama kwa mtoto akamwambia, "Mwambie koko yako ajaribu fleuve."

Koko ni babu, na fleuve ni mto mkubwa. Baba alizaliwa kandokando ya mto, akafanya kazi kandokando ya mto, na jibu lilikuwa limemkwepa asubuhi nzima. Alihesabu vyumba kwa ncha ya penseli, akaandika. Kisha naye akamwinamia mjukuu wake.

"Mwambie mama yako, iko sawa."

Niliporudi kutoka shuleni niliwakuta bado wanaendelea. Mtoto alikuwa amelala usingizi kwenye mkeka, na wao walikuwa bado wanamtuma: mwambie koko, mwambie mama. Baba alikuwa anacheka. Sikuwa nimelisikia cheko lile tangu mama yangu afariki. Nilisimama kwenye mvua na daftari zangu chini ya shati. Nilipaswa kufurahi, na kwa kiasi fulani nilifurahi. Lakini kulikuwa na kitu kingine ndani yangu, na kitu hicho kiliuliza kwa nini si mimi.

Magazeti hayakuchukua muda kuisha. Kichwa cha mtu mmoja kilikuwa kinayatafuna polepole. Vichwa viwili viliyamaliza kabla ya mwisho wa masika. Hapo mke wangu akatoa wazo, kupitia kwa mtoto kama kawaida, kwamba wajitungie wenyewe, kwa Kiswahili. Karatasi za miraba nilizileta mimi kutoka shuleni, zile tunazochorea grafu. Niliombwa karatasi, nikashukuriwa kwa karatasi, na huo ndio ukawa mchango wangu.

Walitungiana zamu kwa zamu. Baba aliandika yake asubuhi, akaisukuma karatasi kwenye kizingiti, akarudi kitini. Mke wangu aliiokota, akaijaza katikati ya kazi zake, akarudisha na ya kwake. Kwanza waligombana juu ya tahajia. Baba anasema mutu, mke wangu alifundishwa kuandika mtu. Je, neno hilo linakaa kwenye miraba mitatu au minne? Suala hilo liliwachukua siku kadhaa, mpaka wakakubaliana kwamba anayetunga aandike pembeni kama anatumia Kiswahili cha vitabu au cha huku. Kisha wakaja kwenye nyimbo. Baba alikuwa shemasi, anajua kitabu cha nyimbo za kanisa lake kwa moyo, naye alipenda kuchukua mstari, kuondoa neno moja na kuacha vyumba vitupu mahali pake. Lakini mke wangu ni Mkatoliki, na wimbo uleule kwao una maneno mengine, kwa hiyo herufi zilipungua au kuzidi, na mabishano yakaanza upya. Nilidhani wamechoshana. Kumbe ndicho walichokipenda zaidi.

Halafu wakagundua kuvuruga herufi. Baba alikuwa na furaha ya mtoto siku alipoona kwamba herufi za "mali" zikipangwa upya zinatoa "lima", na zikipangwa tena zinatoa "mila". Mke wangu akamjibu kwa "kalamu", ambayo ndani yake alipata "makula", chakula kama tunavyosema huku. Wakati wa kula, kila mmoja mahali pake, baba sebuleni na mke wangu jikoni, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo. Mimi nilikaa kati yao na sahani ya lituma, ndizi za kupondwa, nikigeuza shingo huku na huku, na sikuwa tena mtu wa kupeleka maneno. Mtoto alikuwa amenipokonya kazi, na mtoto mwenyewe hakujua kusema.

Nilijaribu kuingia. Siku moja baba alisoma maelezo kwa sauti: siku iliyovurugika, inakata nyama. Mke wangu alinyamaza kwa makusudi, nikaona ananiachia. Nilifikiri haraka, nikasema ni Noeli, kwa sababu siku ya Noeli kila nyumba inachinja. Kisha baba akacheka, na kutoka jikoni nikasikia mke wangu naye anacheka, ameziba mdomo kwa kitenge. Jibu lilikuwa kisu: zichukue herufi za siku, zichanganye. Hawakucheka kwa ubaya. Mke wangu alikuja akaniongezea mboga ya sombe, na nilijua ni njia ya kuniomba radhi. Lakini nilikula nimeinamisha kichwa. Kucheka kwao kulikuwa kwa pamoja, pande mbili za ukuta kwa wakati mmoja, na ukuta huo nilikuwa mimi.

Wivu wangu ulikuwa wa ajabu kwa sababu sikujua niuelekeze wapi. Nikimtazama mke wangu ameinamia karatasi, anatabasamu peke yake, nilimwonea wivu baba. Mimi huwa namletea habari za shule, anasikiliza, anasema pole. Lakini tabasamu lile sikuwahi kulileta. Nikimtazama baba ananoa penseli yake kwa wembe na kuchungulia kama bokilo wake amerudi kutoka sokoni, nilimwonea wivu mke wangu. Alikuwa amepewa kwa msimu mmoja kile nilichokitamani utoto mzima. Shuleni, wanafunzi wakifanya zoezi, nilijikuta navuruga majina yao kwenye ukingo wa karatasi. Sikupata chochote.

Mara moja tu walinihitaji. Mke wangu, bila kuwaza, aliandika maelezo haya: kipande cha kuku anachopewa mgeni, herufi nne. Jibu ni paja. Baba alilijua papo hapo, lakini paja si neno la kutajwa mbele ya bokilo, hata kama ni la kuku, wala hakutaka kuliandika kwa mkono wake kwenye karatasi ambayo mke wangu angeisoma. Aliningoja mpaka nikarudi. Aliniita chumbani, akaninong'oneza sikioni, na mimi nikaenda barazani kulisema. Mke wangu alishika mdomo kwa aibu. Jioni yote nilitembea mle ndani kama mtu aliyepandishwa cheo. Baada ya hapo mke wangu akawa mwangalifu na maneno yake, nikaachishwa tena kazi.

Ndipo shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, akaja kutoka Yanonge kuonyesha jicho lake hospitali. Alikaa kwetu siku chache. Siku ya kwanza aliangalia tu. Siku ya pili alinivuta nyuma ya nyumba, pale tunapoanika nguo, akaniuliza tangu lini watu wa kwetu wanacheka na bokilo. Alisema majirani wana masikio. Alisema kaka yake amezeeka, hajioni, na mwenye nyumba ni mimi. Je, mimi naona sawa?

Ningeweza kumweleza. Ningeweza kumwonyesha ukuta kati yao, kizingiti, mtoto anayetumwa. Nilimwambia kwamba yeye ni mkubwa, afanye anavyoona. Nilijua kabisa atafanya nini, na moyo wangu ulikuwa mwepesi.

Aliongea na baba mlango ukiwa umefungwa. Hapakuwa na ugomvi. Baba hajawahi kumjibu dada yake. Alipotoka alikusanya karatasi zake, akaziweka katonini na kuifunga kwa ile kamba ya nailoni. Kesho yake shangazi alirudi kwao kwa mashua, ameridhika.

Nyumba ikawa kama zamani. Baba alihamisha kiti chake mbali na mlango. Alinituma tena kuulizia chumvi, na mke wangu akanijibu tena kwamba iko. Nilikuwa nimerudishiwa kila kitu. Na kila kitu kilikuwa kimekufa ganzi. Baba alikaa mchana mzima akiutazama uzio. Cherehani ilikimbia bila kupumzika, maana haikuwa na sababu ya kusimama. Mtoto alitambaa kwenda kwa koko yake, akarudi kwa mama yake, akawatazama usoni, hakuna aliyemtuma. Nilisimulia habari za shule wakati wa kula, na wote wawili walinisikiliza kwa adabu.

Jumamosi moja mke wangu alisimamisha cherehani nikiwa karibu naye. Hakuinua sauti, kwa sababu baba alikuwa ndani.

"Ulijua shangazi atasema nini. Juu ya nini ulinyamaza?"

Nilianza kusema juu ya desturi. Alinikatiza.

"Desturi tuliishika. Hata siku moja sikumwangalia papa yako kwa macho. Sema ile ya kweli."

"Niliona wivu."

Aliutazama uzi uliokuwa kwenye sindano. "Wivu ya nani? Ya mimi, ama ya papa?"

"Ya ninyi wote mbili."

Nilitegemea akasirike, au acheke. Alifikiri, kama anavyofikiri mbele ya maelezo magumu. Kisha akasema kwamba kama ni hivyo nikamwambie baba, si yeye, kwa sababu baba ndiye aliyefungiwa katoni. Akakanyaga cherehani.

Sikuweza kumwambia. Mwanamume wa umri wangu anamwambiaje baba yake kwamba anamwonea wivu? Nilichukua karatasi ya grafu nikajaribu kutunga. Ilinichukua wiki nzima, shuleni, wakati wa mapumziko, na kazi ilikuwa mbaya. Maneno yangu yalikuwa ya mtu wa hesabu: jumla, nusu, duara. Hayakupishana vizuri, na mahali pamoja ililazimu niweke miraba myeusi mitatu mfululizo kama jino lililong'oka. Lakini katikati niliweka neno moja nililolitafuta kwa jasho, na maelezo yake yalikuwa haya: badilisha herufi ya kwanza ya Kivu, utaona ugonjwa wa mwenye nyumba hii.

Niliiacha karatasi juu ya kiti chake, nikaenda kazini.

Niliporudi nilimkuta ameishika. Alikuwa ameijaza yote, na amenisahihishia kwa penseli mahali ambapo vyumba havikutosha. Katikati, kwa herufi zake kubwa za bandarini, alikuwa ameandika WIVU. Hakuliongelea neno hilo. Alinionyesha kiti cha pili, nikakaa, na tulikaa hivyo mpaka nikaona nisipouliza sasa sitauliza tena.

"Papa, juu ya nini haukunifundisha, kule Isangi?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Haukuuliza."

Nilimwambia nilikuwa nasimama kando ya kiti chake kila jioni. Nilimweleza mpaka mkono niliokuwa nashikia mgongo wa kiti. Alisikiliza huku akiigeuza penseli.

"Bon," alisema. "Mimi nilikuwa nawaza unangoja taa. Ilikuwa moja tu, na wewe ulikuwa na devoirs ya masomo. Nilikuwa nafanya haraka haraka nikuachie."

Nilikumbuka jinsi alivyokuwa anafunga gazeti, mara nyingine miraba ikiwa bado mitupu, na kuondoka bila kusema. Aliniuliza kama shuleni kwetu bado kuna karatasi.

Mpango wa kuanza tena ulikuwa wake. Alimpigia dada yake simu, nami nikiwa karibu, akamwambia kwamba sasa kila neno linapita kwa mtoto wake mwanamume, kama wazee walivyotaka, hakuna tena kutumana na bokilo. Shangazi alimsifu. Na haukuwa uongo. Jumamosi na Jumapili mchana nakaa kwenye kizingiti, baba ndani kulia kwangu, mke wangu barazani kushoto na nguo za watu. Mimi ndiye ninayesoma maelezo kwa sauti, na sheria waliyoniwekea ni kwamba najaribu kwanza. Wao wananyamaza mpaka niseme nimeshindwa.

Siwezi kusema wivu umeisha. Kila nikisoma maelezo, nasikia cherehani inasimama upande mmoja na penseli inagusa mkono wa kiti upande mwingine, na najua wote wawili wamekwishapata, wananionea huruma. Huruma hiyo inaniuma. Siku nyingine napata kweli, na naona baba anavyoitikia kwa kichwa, na siku hiyo nalala vizuri.

Mwezi uliopita, wanafunzi wakifanya mtihani, nilitunga maelezo ambayo niliamini yatawashinda: zidisha mali yako yote mara mimi, utalala njaa, herufi sita. Niliwaachia asubuhi na kwenda shuleni. Siku nzima nilijiona bingwa. Niliwaza baba atapata zero kwa urahisi, kwa kuwa bandarini alizidisha magunia maisha yake yote, lakini zero ina herufi nne, na huku hakuna anayesema vingine. Jioni nilirudi kwa miguu taratibu, nikitaka kuwakuta wamekwama bado.

Karatasi ilikuwa kwenye kizingiti. Kwenye vyumba sita palikuwa na SIFURI, na herufi zake hazikuwa za mkono mmoja. Nusu zilikuwa za penseli, nusu za chaki ya kuchorea vitambaa. Niliuliza ni nani aliyepata kwanza. Mke wangu aliendelea kupinda upindo. Baba aliangalia nje. Mtoto, ambaye siku hizi anatembea na kusema, nilimwuliza na yeye, naye akatazama kulia, akatazama kushoto, akanyamaza kama wao. Nilivua viatu, nikakaa mahali pangu, nikaanza kusoma maelezo yanayofuata.